Mti Mmoja Uliosimama Mahali Pengi

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinasitasita kutoka, nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta kibanja chetu kizima, shamba letu la kahawa na migomba, kimekuwa cheupe. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, baada ya kiangazi kirefu, na kahawa zikishaonja mvua ya namna hiyo hufumbua maua zote kwa pamoja. Kila tawi lilikuwa limejaa maua tangu shinani hadi nchani. Harufu yake iliingia ndani ikashinda hata moshi wa jikoni. Mtu yeyote wa huku Muleba angeona vile angepiga vigelegele. Kwetu asubuhi ile hakuna aliyefurahi, na baba yangu alikuwa ameketi kizingitini na panga mkononi.

Mwanangu Projesti, nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza niseme nilichokiona jana ulipokuja kutoka Bilele, huko mjini Bukoba. Nimeona nguzo ulizoshusha garini, na yale mabunda ya seng'enge. Nimesikia unataka kuifunga njia ya wajukuu wa jirani yetu Ta Yoeli, wale wanaopita na pikipiki katikati ya kibanja kabla hata jogoo hajamaliza kuwika. Hujaniuliza, nami sijakukataza. Kibanja nimekukabidhi mbele ya ukoo, na mzee anayegawa kitu kisha akakishika mkia ni mzee msumbufu. Hata hivyo, kabla hujachimba shimo la kwanza, keti hapa. Na ninyi vijana wengine mnaonisikia, mradi mna jirani, sogeeni. Habari hii inawahusu.

Babu yako Theonesti alikuwa mkulima hodari, na alijua kwamba yeye ni hodari. Hilo la pili ndilo lililotuponza.

Zamani huku kwetu watu wengi hawakupanda kahawa kwa mbegu. Ulikuwa unachagua mti unaoupenda, unainamisha tawi lake hadi chini, unalifukia udongoni likiwa bado limeshikana na mama yake, unaliwekea jiwe lisiinuke, unasubiri litoe mizizi. Likishashika unalikata na kulihamisha. Wazee walitusimulia kwamba hata watawala wa kale walipenda iwe hivyo, na kwamba kahawa ya kutafuna ilichemshwa kwanza ili mtu asije akapata cha kuotesha. Basi sisi tulilelewa tukijua kwamba kahawa huzaliwa kwa tawi.

Kibanjani kwetu, karibu na zizi, palikuwa na mti mmoja uliozaa mpaka tukauegemezea magongo. Tukauita Mzazi. Babu yako aliupenda mti ule kiasi kwamba bibi yangu, Ma Paskazia, mama yake mwenyewe, alimtania kuwa ataomba padri aubatize. Kila mwaka aliinamisha matawi yake, na kila mwaka aling'oa miti kadhaa ya urithi, ile mirefu, mifupi, yenye majani mapana na yenye majani membamba, akaweka watoto wa Mzazi. Ilipita miaka mingi. Mwishowe mti wa urithi haukubaki hata mmoja. Kibanja kilipendeza macho, na kahawa yetu ilipofika kwenye chama cha msingi cha wakulima watu waliishika viganjani na kutikisa vichwa kwa kustaajabu.

Jirani yetu wa upande wa ziwa alikuwa Ta Yoeli. Yeye Mlutheri, sisi Wakatoliki. Jumapili walielekea kulia na sisi kushoto, jioni wote tukakutana penye lubisi. Kanisani kwake walihubiri sana juu ya pombe ya ndizi, ila koo lake nadhani halikuhudhuria ibada hizo. Kibanja chake kilikuwa vurugu tupu. Kahawa za kila namna, za babu na za babu wa babu, zimechangamana na migomba bila mpango. Na kwa kuwa alikuwa ndani, mbali na barabara, alibeba magunia yake kwa njia iliyopita katikati ya kibanja chetu. Ilikuwa ni njia hiihii, Projesti. Hii unayotaka kuizungushia waya.

Jioni moja kwenye lubisi babu yako akaanza kumsifu Mzazi kama kawaida yake. Ta Yoeli akamsikiliza, akafuta midomo, akasema, "Waitu Theonesti, kibanja chako sasa kimekuwa gwaride. Miti yote sura moja. Nani atamwamkia nani?"

Watu walicheka. Lilikuwa neno la utani, na utani kati ya majirani ni chumvi. Lakini mtu akishajipenda kupita kiasi, chumvi humwingia kwenye kidonda. Babu yako aliinuka bila kuaga. Asubuhi iliyofuata akakata vipande vya mlamula, ule mti tunaouotesha mipakani, akavipanda kwa kubanana katikati ya njia, akarundika miiba mbele yake. Njia ikafa. Sisi watoto hatukuthubutu kuuliza.

Ta Yoeli alikuwa na mguu mbovu. Msimu ule alizunguka na magunia yake bondeni, kwenye utelezi, akipumzika kila hatua chache. Hakuja kulalamika wala hakupeleka shauri kwa wazee. Mwaka uliofuata akashindwa. Aling'oa kahawa zake karibu zote akapanda mikaratusi, kwa sababu mkaratusi hauhitaji kubebwa kila msimu. Mnunuzi atakuja na msumeno wake siku ikifika. Aliacha mti mmoja tu wa kahawa, uliokuwa kando ya kaburi la mkewe.

Babu yako alipoona ile mikaratusi alisema, "Sasa tutaona nani mkulima." Mimi nilimsikia kwa masikio yangu.

Tukaona kweli. Kahawa zetu zilifumbua vizuri mno. Maua yakakaa siku zake mbili tatu, yakageuka rangi ya udongo, yakadondoka. Tukasubiri zile chembe ndogo za kijani zinazokuja baada ya maua. Pale ambapo kifundo kimoja cha tawi kingebeba matunda yaliyosongamana, tuliona tunda moja, au hakuna kitu. Tukasema ni mvua. Msimu mwingine ukaja, maua vilevile, na matunda hayakuja vilevile. Jamvi letu la kuanikia kahawa lilikaa limekunjwa ukutani, na mimi niliyekuwa nimeahidiwa kuoa baada ya mavuno nikaanza kuwakwepa watu wa upande wa mchumba wangu.

Mtu akikosa sababu hutafuta mtu. Babu yako alianza kusema kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, kwamba Yoeli amekifunga kibanja chetu kwa uchawi. Eti amefukia kitu kwenye kaburi la mkewe chini ya ule mti mmoja, ndiyo maana hakuung'oa. Neno hilo likatembea. Ninyi mnajua maneno ya namna hiyo huwa yanaishia wapi kwa mzee mwenye mguu mbovu anayeishi peke yake. Vijana wawili watatu wa kijijini, ambao hawakuwa na kahawa wala haya, wakaanza kuulizana lini watakwenda kuukata ule mti na kumwondoa mwenyewe.

Basi hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka. Msimu wa tatu, maua meupe kila mahali, na baba kizingitini na panga. Vijana wale walikuwa wamesimama uani wanamsubiri ainuke. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama upande wao, kwa sababu nilikuwa kijana na nilikuwa na uchungu wangu.

Ma Paskazia akatoka jikoni. Alikuwa mfupi, mkavu, na akitembea alikuwa kama anayeidai ardhi deni. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Theonesti, unakwenda wapi na panga siku ya maua?"

"Mama, unajua ninakokwenda."

"Ninachojua ni kwamba uliifunga njia ya mtu. Siku ile sikusema, na kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka leo. Ulidhani umemfungia yeye. Nani alikwambia njia hupita upande mmoja?" Akatugeukia sisi vijana. "Na ninyi, wazee wanasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kabla hamjamgusa mtu, subirini mgeni wangu afike."

Mgeni wake alikuwa bwana shamba. Kumbe bibi alikuwa amemtumia salamu tangu zamani kupitia chama cha msingi: siku kahawa za Theonesti zitakapofumbua, njoo usikose. Akaja na baiskeli, suruali imefungwa kamba chini, amelowa jasho. Alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Aliingia kibanjani, akageuza jani, akanusa ua, akaenda mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Kisha akamuuliza babu yako swali ambalo sote tuliliona la kipuuzi.

"Mzee, miti hii ina wazazi wangapi?"

"Mmoja," babu yako akasema, na hata katika hasira ile nilisikia majivuno kidogo. "Yote imetoka kwenye tawi la mti ule pale."

Bwana shamba akavua kofia. "Basi, mzee wangu, huna miti mingi. Una mti mmoja uliosimama mahali pengi."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado maneno hayo yanasisimua mwili wangu. Alitueleza hivi. Ndani ya kila ua kuna unga wa kiume, chavua, na kuna mahali pa kike panapoupokea. Mimea mingine ua lake hujitosheleza, chavua yake yenyewe ikiliangukia linatunga tunda. Kahawa yetu hii ya Bukoba, robusta, haiko hivyo. Chavua ikitua juu ya ua, ua huipima. Likitambua kwamba imetoka kwenye mti uleule, halikubali. Chavua inabaki mlangoni mpaka inakauka. Lazima ije kutoka mti mwingine, wenye damu nyingine, iletwe na upepo au nyuki. Na tawi lililoinamishwa likatoa mizizi si mtoto wa mti, ni mti wenyewe. Unaweza kulipanda hapa na lingine kule ng'ambo ya bonde. Ua la huku bado litaitambua chavua ya kule na kuikataa.

"Lakini ilizaa!" babu yako akapaza sauti. "Miaka yote hiyo ilizaa, mpaka alipoiroga!"

"Kando yako kulikuwa na kahawa za nani?"

Sote tuligeuka tukatazama upande wa ziwa, ambako mikaratusi ilikuwa inachezesha majani yake. Miaka yote ile tuliyoringa kwenye chama cha msingi, kahawa yetu ilikuwa inachavushwa na miti ya vurugu ya Ta Yoeli, na mwenyewe hakujua, na sisi hatukujua. Ni upepo tu uliokuwa unavuka mpaka bila kuomba ruhusa.

Babu yako hakuamini. Simlaumu sana, ukiambiwa kwamba adui yako ndiye aliyekulisha, hata chakula ulichokwisha kula hukukaba. Bwana shamba akasema basi tujaribu, maana maua yanangoja siku hizi mbili tu. Anahitaji tawi lenye maua kutoka mti wa damu nyingine. Na mti wa namna hiyo uliokuwa karibu, wa kufikika maua yakiwa bado mabichi, ulikuwa mmoja.

Babu yako akanigeukia. "Nenda wewe."

"Haendi," Ma Paskazia akasema. "Aliyeifunga njia ataifungua mwenyewe. Panga si unalo?"

Sijawahi kuona mtu akitembea polepole vile. Babu yako alifika kwenye ule mlamula uliokuwa umeshakuwa mrefu kumzidi kimo, akasimama kidogo, akaanza kukata. Tulisikia panga tu. Alipotoka upande wa pili Ta Yoeli alikuwa ameshamwona, amesimama kando ya kaburi la mkewe, mikono mitupu. Alijua yaliyokuwa yanasemwa. Alidhani wamemjia.

Babu yako alilitupa panga majanini. Akasema, "Yoeli, nimekuja kuomba tawi."

Ta Yoeli aliuendea mti wake, akavunja tawi lililokuwa zito kwa maua, akampa. Hakuuliza la nini. Mpaka leo nikikumbuka hilo la kutouliza, machozi hunilengalenga.

Bwana shamba alifunika matawi mawili ya mti wetu kwa vipande vya kitambaa chepesi, baada ya kuchagua yale ambayo maua yake yalikuwa hayajafumbuka bado. Kesho yake akayafunua. Moja akalipaka chavua ya ndugu zake, wana wa Mzazi, akalifunga kamba ya mgomba. Jingine akalisugua na maua ya Ta Yoeli, akalifunga kipande cha kanga nyekundu ya bibi. Akayafunika tena, akasema tusubiri, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Tulisubiri kuliko ninavyoweza kueleza. Vijana wale wa uani walitawanyika, maana ghasia haipendi kungoja. Baada ya wiki nyingi, babu yako aliniita kibanjani. Tawi la kamba ya mgomba lilikuwa tupu kabisa, halina kitu. Kwenye lile la kanga nyekundu, kila kifundo kilikuwa kimejaa chembe za kijani, ndogo kama vichwa vya pini, zimebanana. Mti uleule, mvua ileile, jua lilelile. Babu yako alipiga magoti kwenye majani makavu, akazigusa kwa ncha ya kidole, akawa anatikisa kichwa. Nami nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimekwenda kanisani tangu utoto, lakini nadhani siku ile ndiyo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa maana nzuri ya kuogopa. Kitu kisicho na jicho wala sikio kimejua nani ni nani.

Sasa njoo hadi leo. Agripina, binti wa dada yako, unajua anafanya kazi na watafiti wa mimea. Alipokuja na wenzake safari ile waliingia kibanjani wakawa wanachuma majani machanga, jani moja mti huu, jani moja mti ule, wanayatia kwenye vifuko vyenye punje za kunyonya unyevu. Nikamwambia, mjukuu wangu, kama ni mboga umekosea mti. Akacheka, akaketi na mimi, akanieleza mambo ambayo yamenifanya nisilale vizuri kwa furaha.

Anasema siku hizi wataalamu wanaweza kusoma vinasaba vya mti kutoka kwenye jani, yaani ule urithi ulioandikwa ndani ya kila chembe hai, na kuufuata ukoo wake nyuma mpaka kabla mwanadamu hajashika jembe. Wameisoma kahawa ya arabika, ile ya Kilimanjaro, ile inayosifiwa dunia nzima na kutufanya sisi wa robusta tuonekane watu wa nyuma. Na walichokithibitisha ni kwamba arabika ni mtoto. Mzazi wake mmoja ni robusta, hii yetu. Mwingine ni kahawa ya mwitu yenye punje ndogo, inayomea kwenye misitu ya miinuko ya ukanda huu wa maziwa, ambayo wengi wetu tumeipita bila kuijua jina. Walikutana huko misitu ya kaskazini, upande wa Ethiopia, zamani sana; wanakadiria miaka laki kadhaa, na bado wanabishana juu ya hesabu. Chavua ya mmoja ilitua kwenye ua la mwingine, mlango ukafunguka, na mtoto akatoka amebeba urithi wote wa pande mbili, hakuacha nusu ya yeyote. Inawezekana jambo hilo lilitokea mara moja tu, au mara chache mno. Kahawa yote ya arabika inayonywewa duniani, Projesti, imetokana na kukutana huko. Hapakuwa na mtu wa kushuhudia. Labda palikuwa na nyuki.

Wanasema elimu ni bahari. Sisi wa huku bahari tunaisikia kwa mbali, tuna ziwa, lakini siku ile nilijiona nimesimama ufukoni kweli.

Nikamuuliza Agripina, huyo mtoto maarufu, naye ua lake huchagua kama la mzazi wake? Akasema hapana. Arabika hujitosheleza. Ua lake hupokea chavua yake lenyewe, halihitaji jirani. Nikasema, basi ana raha. Akasema, "Babu, hapo ndipo kuna tatizo." Kwa kuwa imejizaa yenyewe kizazi baada ya kizazi, na kwa kuwa iliyosambazwa duniani ilitokana na mbegu chache, arabika nyingi zinafanana mno ndani. Ugonjwa ukipata njia ya kumwingia mmoja, umepata njia ya kuwaingia wote. Kutu ya majani imewahi kufuta mashamba ya nchi nzima. Na dawa iliyosaidia ilitoka wapi? Kwenye kisiwa kimoja cha mbali huko mashariki arabika na robusta zilikutana tena zenyewe shambani, na katika uzao wao ikapatikana miti inayostahimili ile kutu. Wataalamu wakaichukua wakaanza kuzalisha nayo. Mtoto aliyekuwa haombi mtu kitu alirudi kwa mzazi wake kuomba afya.

Bado yapo mengi wasiyoyajua, na nilimpenda zaidi alipokiri hivyo. Anasema namna hasa ua linavyomtambua wake na asiye wake bado inachunguzwa. Ndiyo maana wanazunguka kwenye vibanja vya zamani, kwa sababu ndani ya ile miti ya vurugu, mirefu kwa mifupi, huenda kuna urithi wa kustahimili ukame unaokuja, ambao haupo mahali pengine.

Kisha akaniuliza, "Babu, mti ule wa kando ya njia, wenye majani mapana, umetoka wapi? Mbona haufanani na mingine?"

Nikamwambia. Nawe nakuambia sasa, kwa sababu umekua ukiuona na hukuwahi kuuliza.

Siku ile babu yako alipoinuka kutoka pale alipopiga magoti, alipita kwenye lile pengo la mlamula hadi kwa Ta Yoeli. Mimi na bibi tulimfuata kwa mbali. Ma Paskazia alikuwa amebeba kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, zile alizochemsha na kukausha miaka ya neema. Wazee wetu walipotaka kufungana undugu walichukua tunda moja la kahawa, wakalipasua, na kwa kuwa ndani mna punje mbili, huyu akatafuna moja na yule moja. Tangu utoto niliona desturi hiyo nikadhani ni mapambo tu.

Ta Yoeli alikuwa ameketi mlangoni. Wakatazamana.

Ndipo Ta Yoeli akasema taratibu, bila kejeli, "Sasa, Theonesti. Nani atamwamkia nani?"

Na babu yako, ambaye sikuwahi kumsikia akiomba kitu maishani mwake, akakunja magoti mbele ya mtu aliyelingana naye umri, akasema, "Mimi. Mimi nitaanza."

Wakatafuna tunda moja. Mwaka huohuo Ta Yoeli aliinamisha tawi la ule mti wa kaburini kwa mkewe, akaliwekea jiwe. Likashika mizizi, tukalipanda kando ya njia, upande wetu, mahali ambapo mlamula ulikuwa. Huo ndio mti wa majani mapana. Matawi mengine tulipewa na wakulima wa mbali, wa kila upande, na kahawa zetu zikarudi kuzaa, na mimi nikaoa mama yako. Kwa hiyo usije ukasema hadithi hii haikuhusu, maana bila lile tawi sijui kama ungekuwepo hapa kununua seng'enge.

Mwanangu, nasaha yangu ni fupi. Wanaopita kwako wanakuletea kitu hata kama hukioni, na hata wenyewe hawakijui. Jirani akikukera, mwambie. Pikipiki zikikanyaga mche, nenda mzungumze, watu wale wana masikio. Ila njia usiifunge. Usipende kuzungukwa na sura yako tu, iwe kibanjani, iwe kazini kwako huko mjini, iwe katika mawazo yako. Na ukikosa sababu ya shida yako, usikimbilie kutafuta mtu. Tafuta sababu, ukiweza kwa tawi na kitambaa kama bwana shamba yule, na uwe na subira ya kungoja jibu. Yaliyofichika ni makubwa kuliko hasira zetu.

Zile nguzo hazitapotea bure, zina kazi. Kale kadaraja ka mferejini kwenye njia kameoza, na wajukuu wa Yoeli wataanguka pale siku moja.

Mungu wa babu zako, aliyekilinda kibanja hiki tulipokuwa hatujui tunalindwa, akupe maua kwa wakati wake, na upepo wa kuyatembelea, na watoto wasiofanana. Jana jioni nilisikia harufu ya mvua, na vichipukizi vimevimba. Nadhani asubuhi tutaamka tukute weupe kila mahali. Utazisikia pikipiki zinakuja. Toka nje, mwanangu, simama chini ya ule mti, na kabla hawajasema neno, waamkie wewe.